Kidole cha Mkaguzi

Dehen Asang alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na mikono yake ilikuwa na rangi ya njano mpaka kwenye viwiko.

"Hukupewa hata maji ya kunawa?" aliuliza Inspekta Karliae Nahan.

"Nilipewa. Hii rangi ni ya mafuta, Afande, haitoki ila kwa petroli. Nani atampa mahabusi petroli?"

Konstebo Supian, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kuficha kicheko. Karliae hakucheka. Boti ya kwenda Palangka Raya ilikuwa imeshafungwa gatini inapakia mizigo, na Kapteni Darsono, mkuu wa kituo, alikuwa ameshatoa amri Dehen aondoke nayo. Akifika mjini kesi ingeangukia mikononi mwa watu wasiomjua, wanaotaka faili lifungwe wakale, na kijana huyu angeozea ndani. Karliae alikuwa ameona wengine wakienda hivyo hivyo, na hakuna aliyerudi.

Aliyekufa ni Bwana Gunadi Wiratmo, mkaguzi kutoka Java. Jana asubuhi alikutwa akielea mferejini, kichogo kimepasuka, mbele ya kizuizi kimoja cha maji, kile cha chini, ambacho Dehen alikuwa akikipaka rangi. Kazi ya Gunadi ilikuwa kuthibitisha kwamba msitu wa Tumbang Sarui bado umesimama na udongo wake mweusi wa mboji bado umelowa. Mboji ikikauka inawaka, na ikiwaka inatoa moshi uliolala ardhini miaka na miaka, ndiyo maana mifereji yote ya zamani imezibwa kwa vizuizi vya mbao. Mkaguzi akiridhika, kampuni moja ya ng'ambo, inayochoma mafuta mchana kutwa na haina mpango wa kuacha, hununua hati za ile hewa ukaa ambayo msitu umeizuia. Inajihesabu imejisafisha, na sisi tunapata fungu letu. Hapa kijijini waliiita biashara ya kuuza upepo. Waliicheka sana, mpaka upepo ulipojenga zahanati.

"Ulimfokea mkaguzi gatini mbele za watu," alisema Karliae. "Kwa nini?"

"Alisema kwenye kizuizi cha juu maji yameshuka. Nikamwambia haiwezekani, kile nimekijenga kwa mikono hii. Nikamwambia akienda kuandika hivyo, wanunuzi watakimbia na sisi tutakula magome. Nilipandisha sauti, nakubali. Mimi nina domo, hata mama anajua."

"Halafu?"

"Halafu tukapatana. Anifuate kizuizi cha chini nikimaliza kupaka rangi, twende wote juu akanioneshe. Nilimsubiri mpaka mvua ikanyesha. Hakutokea. Nikarudi nyumbani kwa njia ya msituni."

"Nani alijua mmepatana hivyo?"

"Baba Silvi. Si ndiye msimamizi wa mradi? Mgeni hapandi mtumbwi bila yeye kujua."

Karliae aliitazama tena ile rangi. Ushahidi wote wa Kapteni ulikuwa ni yale makelele ya gatini na doa la njano kwenye kidole cha shahada cha maiti. Walishikana, ndivyo alivyosema Kapteni, rangi haikuruka yenyewe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na Karliae jana alikiona kidole hicho kwa macho yake, akakubali.

Nje, kwenye ngazi za kituo, Mama Dehen alikuwa amepakata hotipoti. Alisimama alipomwona.

"Inspekta, hawataki niingie. Nimemletea wali na samaki. Kama hana hamu asile, lakini aguse tu. Usiwaache wakamsafirisha hajagusa."

"Nitampelekea mwenyewe, mama."

Alirudi ndani na hotipoti. Dehen alifunua kifuniko. Aligusa wali kwa ncha ya kidole, akakipeleka mdomoni, akamrudishia. Huku kwetu hakuna mtoto asiyejua: ukikaribishwa chakula ukaondoka bila hata kukigusa, unaondoka na kapuhunan. Utang'atwa na nyoka, utaangukiwa na mti, au mto utakuchukua. Hata mchungaji anayehubiri dhidi ya mambo hayo kila Jumapili huwa anagusa kahawa yake kabla hajaaga.

* * *

Nyumba ya Baba Silvi ilikuwa peke yake juu ya nguzo, pale mfereji unapokutana na mto. Mwenyewe alitoka barazani kabla injini ya mtumbwi wao haijazimwa, mikono imefunguliwa.

"Karibu, Inspekta, karibu dada yangu! Mama Silvi, tuna mgeni! Konstebo, vua viatu, usinichafulie mkeka kama juzi juzi."

"Nina maswali machache tu, Baba Silvi."

"Uliza hata mia. Marehemu alikuwa ndugu yangu. Tangu jana sijafumba macho."

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala akashiba usingizi. Karliae alikaa.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Juzi mchana, akizozana na yule kijana. Halafu alasiri nikamwona anapita hapa na mtumbwi, anaingia mferejini. Nikampungia."

"Alisimama?"

"Asimame wapi! Hata mguu hakutia hapa. Watu wa Java wana haraka, wewe unawajua. Wanafukuzana na saa kama inawadai."

"Alikuwa anaenda kwa nani?"

"Kwa Dehen, kwa nani tena? Roho inaniuma kusema, maana kijana nimemlea kwenye mradi. Ila hasira zake..." Alitikisa kichwa. "Ningemzuia mgeni wangu, leo angekuwa hai."

"Wewe ulikuwa wapi baada ya hapo?"

"Hapa hapa. Muulize mama watoto."

Mama Silvi alikuwa ameingia na bakuli. Aliliweka mkekani bila kuinua macho. Lilikuwa na juhu, mchuzi wa machipukizi ya henzerani na kambare, mzito, wa manjano iliyokolea. Harufu yake ilimkumbusha Karliae kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Lakini akiwa kazini hakuwa akila nyumbani kwa watu anaowahoji.

"Nimeshiba, Mama Silvi. Ahsante."

"Umeshiba wapi na macho yamekutoka hivyo? Haya, gusa basi. Usiniondokee hivi hivi."

"Mke wangu na juhu yake," alicheka Baba Silvi. "Rais akija leo, atagusa."

Karliae alichovya ncha ya kidole cha shahada, akaipeleka mdomoni, akashukuru. Mama Silvi alipumua. Kisha Inspekta akaomba nafasi ya kunawa, akateremka kwenye jukwaa la magogo linaloelea nyuma ya nyumba, pale wanapofulia. Mche wa sabuni ulikuwa umewekwa juu ya ubao. Alilowesha kidole, akakisugua.

Kidole kikageuka chekundu.

Aliganda pale, povu likimtiririka mkononi. Si kwamba lilikuwa jambo geni. Msichana yeyote aliyewahi kufua nguo iliyomwagikiwa mchuzi anajua kwamba manjano ya jikoni yakikutana na sabuni yanakuwa mekundu kabla hayajatoka. Kilichomgandisha ni ncha ya kidole chake. Vidole vinne vingine vilikuwa safi kabisa, na doa lilikuwa pale pale lilipokuwa doa la Gunadi Wiratmo. Alijiona mpumbavu, na hasira zikampanda, kwanza juu ya nafsi yake mwenyewe.

"Supian," aliita kwa sauti ya chini. "Washa injini. Na uchukue hii sabuni."

"Sabuni ya watu, Afande?"

"Tutairudisha."

* * *

Njiani Supian alieleza alichokikuta kule alikotumwa alfajiri.

"Kizuizi cha juu nimekiona. Mbao za katikati zimekatwa kwa msumeno, kisha zikarudishiwa kijanja, ukipita mbali huoni. Maji yameshuka kweli. Na nyuma yake kuna magome mabichi ya miti ya meranti yametanda kama mkeka."

"Magogo."

"Magogo mengi. Wanafungua, wanayapitisha, wanafunga. Marehemu hakuwa mwongo."

"Na magogo hayo yakitoka mferejini yanapita mbele ya baraza ya nani?"

Supian alifikiri, kisha akapiga mluzi. "Ya mtu ambaye hafumbi macho."

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja chenye baridi, na humo ndimo alimolazwa Gunadi. Daktari Wening, binti mwembamba aliyeletwa na serikali kutoka Semarang, hakufurahi kuona mche wa sabuni.

"Haoshwi, Inspekta. Kaka yake yuko safarini, anataka kumuosha mwenyewe kwa taratibu za dini. Nimemwahidi."

"Ni ncha ya kidole kimoja tu, daktari. Na wewe ndiye utakayeshika pamba."

Daktari alisita, kisha akalowesha pamba, akaipaka sabuni, akaigusisha kwenye lile doa. Walisubiri. Wekundu ulianza pembeni ya ukucha, ukaenea polepole.

"Damu?" aliuliza Supian, amerudi nyuma hatua moja.

"Bizari ya manjano," alisema Karliae. "Rangi ya Dehen ingekaa vile vile mpaka kiama. Daktari, tumboni alikuwa na nini?"

"Hakuwa na kitu. Nilishaandika. Hakuwa amekula tangu asubuhi."

"Na aliyekula kwa mkono angekuwa na bizari vidole vyote na chini ya kucha. Huyu ana ncha moja."

Daktari Wening alikitazama kile kidole, na macho yake yakalowa ghafla. "Kila akija kukagua alikuwa anafanya hivyo hata hapa," alisema. "Wauguzi wakinywa chai anagusa kikombe, anajilamba, anasema sasa mamba hawanipati. Tulikuwa tunacheka."

"Kwa hiyo alikaribishwa mahali," alisema Supian. "Lakini Afande, juhu inapikwa kila nyumba hapa. Hata kwangu."

"Kwako hakupita. Gatini watu walimwona akipanda mtumbwi, hana doa. Akaelekea mferejini. Kati ya gati na mfereji kuna nyumba ngapi?"

"Ile moja."

"Ambayo hakutia hata mguu."

Redio ilikwaruza kiunoni mwa Karliae. Kapteni Darsono alitaka kujua yuko wapi, na Karliae akamweleza.

"Unaniletea habari za mchuzi, Inspekta? Nahodha ananililia hapa, anataka kung'oa nanga."

"Naomba asubiri, Afande."

"Sabuni itaniambia ni mchuzi. Itaniambia ni mchuzi wa nani? Atasema marehemu alikula barabarani, kwa muuza chakula, kwa shetani. Msimamizi huyu ana marafiki mpaka mjini. Mke wake anasema mgeni hakufika?"

"Mke wake hajasema kitu."

"Basi asiposema, Dehen anaondoka, na wewe utakuja kunieleza kwa nini umechelewesha boti ya abiria kwa ajili ya kambare."

Alikuwa mtu mgumu, lakini safari hii alikuwa na haki. Karliae aliifunga redio, akatoka nje. Kutoka pale barazani aliiona boti, na aliiona hotipoti ya Mama Dehen, imeng'ara jua likiipiga, na mwenyewe amekaa nayo kwenye ngazi za gati sasa, amemfuata mwanawe mpaka mwisho wa nchi kavu. Moyo wa Karliae ulimwuma kweli kweli. Kisha akakumbuka jinsi Mama Silvi alivyopumua alipomwona amegusa.

* * *

"Umesahau kitu, dada?" Baba Silvi alikuwa barazani, anasuka wavu. Safari hii hakuinuka.

"Nimerudisha sabuni yenu." Karliae alipita moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, akakaa kizingitini, mahali ambapo wote wawili walimwona. Mama Silvi alikuwa anamenya machipukizi ya henzerani, kisu kikienda haraka haraka. "Samahani, Mama Silvi. Konstebo aliichukua bila adabu."

"Si neno."

"Tena nimekuja kukuonya, kama mwanamke mwenzangu. Huko gatini maneno si mazuri."

"Maneno gani?"

"Wanasema Dehen hakuua mtu. Wanasema mkaguzi alichukuliwa na kapuhunan."

Kisu kilipunguza mwendo.

"Upuuzi wa wavivu," alisema Baba Silvi kutoka barazani.

"Ni upuuzi, ndiyo," Karliae alikubali. "Wanasema alikaribishwa chakula nyumba moja huku juu, mwenye nyumba akazembea, akamwacha mgeni atoke hajagusa. Mgeni wa watu, hajui mila. Ndiyo mto ukamchukua. Na wanamtaja mpishi. Wanataja juhu."

"Nani anasema?" Kisu kilikuwa kimesimama kabisa.

"Wanawake wa gatini. Wanasema hawatakula tena kwenye mkono wako, hata siku ya harusi ya Silvi."

"Mama Silvi," sauti ya barazani ilikuwa tofauti sasa, "endelea na kazi yako."

"Nizembee mimi?" Mama Silvi alisimama, machipukizi yakamwagika sakafuni. "Mimi? Tangu nimeolewa nyumba hii kuna mtu ametoka hajagusa?"

"Nyamaza!"

"Sinyamazi! Niitwe muuaji kwa chakula changu, ninyamaze? Aligusa, Inspekta! Kwa kidole hiki hapa! Huyu mume wangu alikuwa ameshashika kasia, anamharakisha, twende, twende, jua linakwenda. Nikasema subirini, mgeni hatoki hivi. Nikateremka na bakuli mpaka kwenye mtumbwi, nikamshikia mwenyewe. Akacheka, akagusa, akajilamba. Akasema, Mama Silvi, nikirudi nitamaliza lote." Alimgeukia mumewe. "Waambie! Wewe ulikuwepo! Waambie aligusa!"

Supian alikuwa amesogea kimya kimya mpaka kwenye ngazi, akasimama katikati. Baba Silvi aliuangalia wavu uliokuwa mapajani mwake, akitafuta tundu alilokuwa amefikia.

"Mke wangu amechanganya siku," alisema hatimaye.

"Siku gani nyingine?" aliuliza Karliae. "Safari hii alifika Tumbang Sarui juzi asubuhi. Jana alikuwa amekufa."

Mama Silvi alikuwa bado ameunyosha ule mkono, kidole mbele. Taratibu ukashuka.

"Ulisema umemshusha kwa Dehen," alimwambia mumewe. "Ulisema tusitaje kwamba alipita hapa, polisi watatuchosha bure, na Dehen ameshakamatwa."

"Mama Silvi..."

"Ulirudi huna kasia. Ulirudi umepiga maji kwa ubao. Ukasema kasia limechukuliwa na mto." Alikuwa anasema polepole sana. "Mvua ilikuwa imeshakatika, mto umetulia. Mimi nikasema pole."

"Alikuja kwako kukuonya kabla hajaandika," Karliae alimwambia Baba Silvi. "Kwa heshima. Akakwambia kizuizi cha juu kimekatwa. Wewe ukajitolea kumpeleka akakague, mkapita mfereji wa pembeni Dehen asiwaone, na huko nyuma ya magome ya meranti ukampiga kwa kasia. Kisha ukamngoja Dehen aondoke, ukaileta maiti kwenye kizuizi chenye rangi mbichi. Nimekosea wapi?"

Baba Silvi aliuweka wavu kando. Alipozungumza hakuwa tena mwenyeji wa mtu.

"Zahanati ile nani aliileta? Na jenereta je? Na ada za watoto wenu? Nimewauzia wazungu upepo nikiwa sina hata viatu. Angeandika neno moja, wote wangeondoka. Kwa magogo machache!"

"Magogo ya nani?"

Baba Silvi aligeuka kutazama mferejini.

"Na Dehen ungemwacha aende," alisema Karliae. "Uliyemlea."

"Dehen ni mtu mmoja," alisema Baba Silvi, akatoa mikono yake mwenyewe mbele ili afungwe.

Supian alimfunga pingu kwa nyuma. Karliae aliifungua redio na kumwambia Kapteni kwamba boti inaweza kuendelea kusubiri kidogo, ina abiria mwingine badala ya yule. "Mfungulie Dehen, Afande. Na mtafutieni petroli anawe."

Walipofika kwenye ngazi Mama Silvi aliwazibia njia. Alikuwa ameshika bakuli la juhu kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Supian alimtazama Inspekta, Inspekta akatikisa kichwa, mwache.

Baba Silvi aliitazama ile juhu. Mabega yake yalicheza, mikono ikatafuta njia ya kutoka kule nyuma ilikofungwa, ikashindwa. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuogopa. Mama Silvi akachovya kidole chake mwenyewe, akampaka mdomoni, akahakikisha amelamba.

"Bado unamhurumia?" aliuliza Supian kwa upole.

Mama Silvi alifuta kidole kwenye kanga, akalifunika bakuli.

"Mtoni kuna mamba," alisema. "Nataka afike mahakamani."